Mke Aliyeuliza

 

Jumamosi moja jioni nilipita kanisani kuchukua daftari nililokuwa nimelisahau. Mvua ilikuwa ikipiga mabati kwa nguvu, na vijana wa kwaya walikuwa wamekimbilia katika chumba cha wazee wakingoja ipungue. Nikiwa bado nje nilisikia kelele. Nilidhani wanagombana tena juu ya sare, maana jambo hilo la sare limetusumbua ushirika mzima karibu mwaka. Lakini nilipofungua mlango niliwakuta wamegawanyika pande mbili. Kijana mmoja anayeimba sauti ya chini amesimama juu ya benchi, naye anasema kwa uchungu, "Mimi nasema mzee yule alifanya sawa! Mwanamume hawezi kulishwa na rafiki yake!" Binti mmoja akamjibu, "Basi na afe na kiburi chake!"

Nikauliza ni mzee gani huyo anayetaka kufa, ili tumwombee. Wakacheka sana. Wakaniambia, "Mwalimu, huyo ni mtu wa televisheni. Wewe huwezi kumjua."

Kumbe namjua. Msinishangae. Miaka michache iliyopita nilivunjika mguu nikakaa nyumbani miezi mitatu, na mwanangu wa mwisho, kwa kunihurumia, akaniletea mchezo mmoja wa kuigiza wa Marekani wenye sehemu 62. Unaitwa Breaking Bad. Mtunzi wake ni Vince Gilligan, nao ulionyeshwa huko kwao kuanzia Januari 2008 hata Septemba 2013. Siwaambii mwende mkautafute. Una matusi, una damu, na si wa kutazamwa pamoja na watoto wala na mama mkwe. Lakini nilipouanza sikuweza kuuacha, kwa sababu mtu mkuu katika hadithi ile ni mwalimu wa shule, nami nilishika chaki miaka thelathini na mmoja.

Kwa ajili ya wale wasioujua, nitaeleza kidogo. Walter White ni mwalimu wa kemia katika mji wa Albuquerque, jimbo la New Mexico. Ana umri wa miaka 50. Mshahara haumtoshi, kwa hiyo kila akitoka darasani huenda kufanya kazi mahali pa kuosha magari, na siku moja mwanafunzi wake mwenyewe anamkuta amepiga magoti akisugua gurudumu la gari lake. Walimu mnaonisikia, mnaijua aibu hiyo. Mkewe, Skyler, ni mja mzito. Mwana wao wa kiume hutembea kwa magongo. Na katikati ya hayo yote daktari anamwambia mwalimu yule kwamba ana saratani ya mapafu. Basi, akiogopa kuiacha jamaa yake bila kitu, anaitumia elimu yake ya kemia kupika dawa za kulevya, akishirikiana na kijana aliyemfundisha zamani, Jesse Pinkman. Mume wa dada ya mkewe ni afisa wa polisi wa kuzuia dawa hizohizo. Wanakula pamoja mezani, na afisa hajui lolote.

Hapo ndipo mabishano ya vijana wangu yalipoanzia. Kwa maana mapema kabisa katika hadithi, kabla mambo hayajaharibika, Walter anafunguliwa mlango. Rafiki yake wa zamani, Elliott, ambaye walianzisha pamoja kampuni iliyokuja kuwa tajiri sana baada ya Walter kuondoka, anajitolea kumlipia matibabu yote. Walter anakataa. Anarudi kupika sumu.

"Alikataa kudharauliwa," kijana wa kwenye benchi alisema.

"Alikataa kusema asante," binti akasema. "Anaona ni heri watoto wa wenzake wafe kuliko yeye kusema asante."

Mwingine akasema kwamba sisi tusiowahi kuugua saratani hatuna haki ya kumhukumu. Hilo lina uzito. Mwingine tena, mtoto wa muuza duka na mwepesi wa hesabu, akaleta habari ya zile dola 737,000. Nilifurahi kuona aliikumbuka, maana nami sikuisahau. Katika mwanzo wa mwaka wa pili wa mchezo, Walter anapiga hesabu kichwani: karo ya chuo kikuu ya watoto wawili, deni la nyumba, chakula na mavazi ya miaka kumi. Jumla ni dola 737,000. Akizipata hizo ataacha. Wasikilizaji, ni hesabu nzuri kabisa, ya baba mwema. Nilipoisikia nilitikisa kichwa kwa kukubali. Sasa sikilizeni mwisho wake. Alipokuja kuacha, fedha zilikuwa rundo kubwa hata mkewe hakuweza kuzihesabu. Zilikuwa kama dola milioni 80, zikafukiwa jangwani ndani ya mapipa saba. Ni zaidi ya mara mia ya kile alichosema kinamtosha. Na nyingi katika hizo zikaibwa na majambazi aliowaita mwenyewe kumfanyia kazi.

Tena hizo chache zilizobaki hazikuweza kupita mlango wa nyumba yake, kwa kuwa mwanawe alimwambia kwa simu kwamba hazitaki na kwamba angemwona afadhali amekufa. Ikambidi Walter aende usiku kwa yuleyule Elliott ambaye aliikataa fedha yake, amtishe, ili fedha za Walter zimfikie mwanawe kana kwamba ni sadaka ya Elliott. Sijui kama watunzi walikuwa watu wa kusoma Biblia, lakini jambo hilo lingeweza kuandikwa katika Mithali.

Lakini vijana hawakukaa sana katika fedha. Walihamia kwa Jane, na hapo kelele zikapungua.

Jane ni msichana aliyekuwa amejitahidi kuacha dawa za kulevya kwa miezi kumi na minane. Akapendana na Jesse, wakaanguka wote wawili. Jane akagundua kwamba Walter amezuilia fedha za Jesse, dola 480,000, naye akamtisha kwamba asipozitoa atamfichua. Walter akazitoa. Lakini usiku uleule akaingia mahali pa kunywa pombe, akakaa karibu na mzee mmoja asiyemjua, wakaanza kuzungumza juu ya watoto. Mzee yule akamwambia kwamba mtu hawezi kuikatia tamaa jamaa yake, hata ikimchosha. Walter, kwa kuguswa na neno hilo, akaondoka kwenda kumtazama Jesse, kijana aliyekuwa kwake kama mwana. Akawakuta wote wawili wamelala, wamelewa dawa. Alipokuwa akimtikisa Jesse aamke, Jane akageuka chali. Akaanza kutapika, akawa anasongwa. Walter akakimbilia upande wa pili wa kitanda, mkono ameunyosha ili amgeuze. Kisha akasimama. Akatazama mpaka akafa. Akalia machozi ya kweli, lakini hakumgusa.

Sehemu hiyo ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 2009, na tangu hapo watazamaji hawajaacha kubishana. Je, aliua? Hakuugusa mwili wake. Je, hakuua? Alijua kumgeuza tu kungemwokoa. Wako wanaosema, angewezaje kumwokoa mtu aliyemtisha? Wako wanaosema, alimwokoa Jesse. Kijana wa kwenye benchi alisema, "Hakufanya kitu." Akasema hivyo kumtetea. Mara akanyamaza, kwa kuwa alisikia mwenyewe alilolisema. Yule kuhani na yule Mlawi, katika njia ya Yeriko, nao hawakufanya kitu.

Na yule mzee wa kwenye kilabu alikuwa baba yake Jane. Kazi yake ilikuwa kuziongoza ndege angani. Alipomzika binti yake alirudi kazini kabla moyo haujapona, akakosea, ndege mbili zikagongana juu ya mji, watu 167 wakafa. Baadaye shuleni wanafunzi wakakusanywa ili wafarijiwe, na Walter White akasimama mbele yao na kipaza sauti. Akawaambia wasihuzunike kupita kiasi, kwa kuwa ajali hiyo, ukizipanga ajali za ndege kwa ubaya, ni ya hamsini tu. Mimi nimesimama mbele ya wanafunzi mara nyingi, katika misiba ya kweli, na nawaambia nilipoona hayo nilizima televisheni. Nikaiwasha tena kesho yake.

Sasa nifike kwenye neno lililonileta.

Katika mabishano yote ya siku ile, hata wale waliomlaumu Walter walimlaumu kwa upole. Walisema alipotoka, walisema shetani alimpata. Lakini binti mmoja alipomtaja Skyler, yule mke, chumba kizima kikapaza sauti. "Huyo mwanamke!" "Mwenye maneno!" "Alimharibu mumewe!" Hata wasichana walisema hivyo. Na si vijana wangu tu. Huko Marekani kwenyewe watu walimchukia mke yule kuliko walivyowachukia wauaji wa katika mchezo. Waliandika kurasa nzima za kumtukana. Mwigizaji aliyemwigiza, Anna Gunn, ambaye kwa kazi hiyo alipata tuzo kuu ya televisheni ya nchi yao mara mbili, mwaka 2013 na 2014, alilazimika kuandika katika gazeti la New York Times, Agosti 2013, kueleza jambo hili. Alisema kwamba chuki ile ilivuka ikamfikia yeye mwenyewe, mpaka mtu mmoja akaandika akiulizia mahali alipo ili amwue. Amwue kwa sababu gani? Kwa sababu aliigiza mke anayemzuia mumewe. Naye mtunzi, Vince Gilligan, amesema kwamba hakuweza kuwaelewa watu waliomchukia mwanamke yule kiasi hicho.

Tumpime basi kwa haki. Skyler alitenda nini? Simtetei katika yote. Alizini na mkubwa wake wa kazi, na hilo ni dhambi hata mumewe awe nani. Baadaye alinunua mahali palepale pa kuosha magari, akapatumia kuzificha fedha chafu zionekane safi. Alishiriki, na alijua anashiriki. Lakini vijana hawakumchukia kwa hayo. Niliwauliza, wakakubali kwamba walianza kumchukia zamani, kabla hajafanya lolote katika hayo. Walimchukia alipokuwa bado mja mzito, mwaminifu, akiuliza maswali. Ulikuwa wapi jana usiku? Una simu ngapi? Fedha hizi zatoka wapi? Nani huyo aliyekupigia? Hayo ndiyo makosa yake ya kwanza. Mwanamke anamwuliza mume mgonjwa anayemdanganya kila siku, nasi tuliotazama, ambao tulijua kwa macho yetu kwamba anadanganywa, tulikasirika kwa nini hanyamazi.

Kuna mahali katika mwaka wa mwisho ambapo mwanamke yule, siku ya kuzaliwa ya mumewe, wakiwa na wageni, anaingia polepole katika bwawa la kuogelea na nguo zake zote, anazama chini ya maji, mpaka mumewe anaruka kumtoa. Wageni wanadhani amerukwa na akili. Yeye alikuwa akitafuta njia watoto watolewe katika nyumba ile, wakakae kwa dada yake, na hakuwa na njia nyingine, maana angesema kweli angewapeleka wote gerezani. Alipoulizwa na mumewe ni nini anachongojea, alimjibu kwamba anangoja saratani irudi. Nakumbuka siku ile nilimwita mwanamke katili.

Niliwaambia vijana habari ya nabii Nathani. Wanaijua tangu shule ya Jumapili, lakini niliwaambia waisikilize upya. Mfalme Daudi amemtwaa mke wa Uria, kisha amemfanyia Uria hila akauawa vitani. Bwana anamtuma Nathani, naye Nathani hamkemei kwanza. Anamsimulia hadithi. Palikuwa na tajiri mwenye kondoo na ng'ombe wengi, na maskini mwenye mwana-kondoo mmoja tu, aliyelelewa pamoja na watoto wake, akila katika chakula chake na kulala kifuani pake. Tajiri akapata mgeni, akaacha mifugo yake yote, akamchinja yule mmoja wa maskini. Daudi akawaka hasira, akahukumu mara moja kwamba mtu huyo astahili kufa na alipe mara nne. Ndipo Nathani akamwambia kwamba mtu huyo ni yeye.

Siku zote nimehubiri kwamba ajabu ya habari ile ni neno la mwisho la Nathani. Siku ile, katika mvua, niliona jambo lingine. Nathani alichagua mahali pa kuisimulia hadithi. Aliketi katika nyumba ya maskini. Alituonyesha kile kikombe, na kile kifua, na kale kamwana-kondoo kanavyolala. Kwa habari za tajiri hakutuambia lolote, ila kwamba alikuwa navyo vingi na kwamba alipata mgeni. Sasa chukueni hadithi ileile, mkaiketishe kamera katika nyumba ya tajiri. Mwonyesheni akiamka usiku akikohoa. Mwonyesheni akiwapenda watoto wake, akiwa na madeni ya siri, akiona haya mbele ya mgeni mkubwa aliyekuja ghafula. Fanyeni hivyo sehemu 62. Na mwisho mleteni yule maskini mlangoni, amekunja uso, akiuliza, "Mwana-kondoo wangu yuko wapi?" Nani kati yetu hatasema, "Maskini huyu ana kelele! Hamwoni mwenziwe ana mgeni?"

Anna Gunn mwenyewe alilieleza jambo hili kwa njia yake. Alisema watu walisimama na Walter kwa kuwa hadithi iliwaweka upande wake, na Skyler ndiye aliyesimama mbele yake kumzuia, basi akaonekana adui. Akasema pia kwamba aliona chuki ile inaeleza zaidi mawazo ya watu juu ya wanawake na wake zao kuliko inavyomweleza Skyler.

Vijana walinyamaza kidogo. Kisha yule binti wa kwanza, aliyesema mzee afe na kiburi chake, akanigeukia. Ni mtoto wa adabu, lakini ni mkali wa maswali. Akasema, "Na wewe, Mwalimu, ulipotazama, ulikuwa upande wa nani?"

Mvua ilikuwa imekatika. Nikasema giza linaingia, na wenye kupanda matatu waondoke mapema, na mtu asisahau kufunga madirisha. Nikachukua daftari langu nikaenda. Sikumjibu. Ndiyo sababu nimekuja kumjibu leo hapa redioni, kwa kuwa najua kwao huisikiliza saa hii. Mama watoto amenipa ruhusa niseme.

Zamani, watoto wetu wakiwa bado shuleni, nilichukua mkopo mkubwa katika chama chetu cha akiba na mikopo, nikanunua gari kuukuu la kubeba mchanga, la kushirikiana na rafiki katika mji mwingine. Sikumwambia mke wangu. Nilikuwa na hesabu yangu, nzuri kama ile ya dola 737,000: gari litalipa mkopo mwaka mmoja, mwaka wa pili litajenga nyumba ya mawe, na siku nitakayomwonyesha nyumba ndiyo siku nitakayomweleza. Nilitaka kumshangaza kwa furaha. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Makato ya mkopo yakala mshahara. Nikaanza kuficha hati ya mshahara, kwanza ndani ya kitabu cha jiografia, halafu shuleni. Binti yetu mkubwa alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo mara tatu katika muhula mmoja. Mke wangu akauliza, "Mwalimu, mshahara una nini?" Nikamwambia serikali imechelewesha. Mwezi uliofuata akauliza tena, maana jirani yetu, mwalimu mwenzangu, alikuwa amelipwa. Nikamwambia, na maneno haya nayakumbuka kama yalivyo, "Kila ninalofanya nalifanya kwa ajili yenu. Na wewe kazi yako ni kuuliza."

Akaendelea kuuliza. Aliuliza mezani, aliuliza usiku. Siku moja aliniuliza mbele ya mama yangu. Nikaenda kwa wazee wa kanisa, nikawaambia nyumbani kwangu hakuna amani. Wazee wakaja, watu wema, wamevaa makoti. Wakaketi sebuleni kwangu wakanywa chai yake, wakamfundisha juu ya upole wa mke na ulimi uliotulia. Yeye akasikiliza hadi mwisho. Mimi nilikuwa nimeketi palepale, katika kiti cha karibu na dirisha, na hati zote zikiwa kabatini shuleni, wala sikufungua kinywa. Hakufungua kinywa naye. Juma lililofuata aliiuza cherehani yake, ile aliyokuja nayo alipoolewa, mtoto akarudi shule.

Gari lile lilivunjika injini kabla ya mwaka kwisha. Likauzwa. Nikalipa mkopo miaka minne. Mke wangu alikuja kujua kwa watu, kidogo kidogo, naye hakunirudia nalo, nami sikulitaja. Nilidhani limekwisha kwa sababu hakuna aliyekuwa akiuliza tena. Baadaye nami nikawa mzee wa kanisa, nikavaa koti, nikaenda katika nyumba za watu kunywa chai.

Basi, nikiwa na mguu wangu katika plasta, jioni moja natazama mchezo, Skyler anamwuliza mumewe habari ya simu ya pili, nami nikasema kwa sauti, "Mwanamke huyu angenyamaza, mtu huyu angepona." Mama watoto alikuwa ameketi nyuma yangu na ungo wa maharagwe, akiyachambua ya kesho. Mchezo wenyewe hakuufuata sana, alikuwa akiinua macho mara mojamoja. Akasema, bila kuinua macho safari hii, "Alimwuliza tu."

Sikumjibu. Nikaendelea kutazama mpaka mwisho, siku nyingine nyingi. Katika sehemu ya mwisho kabisa Walter anakuja kwa siri kumwaga mkewe. Anaanza kueleza, na mke anamkatiza, akidhani atasema tena kwamba alifanya yote kwa ajili ya jamaa. Naye Walter, mara ya kwanza katika hadithi yote, anasema kweli: alifanya kwa ajili yake mwenyewe, aliipenda kazi ile, aliiweza, ilimfanya ajione yu hai. Nakumbuka uso wa yule mwanamke aliposikia. Haukuwa na furaha, lakini ulilegea, kama mtu aliyetuliwa mzigo aliokuwa ameuchukua peke yake muda mrefu.

Nikazima televisheni. Mama watoto alikuwapo, na ungo wake. Nikamwambia lile gari la mchanga halikuwa kwa ajili ya nyumba ya mawe. Nikamwambia nilichoka kuitwa mwalimu maskini, nilitaka watu waseme fulani ana gari, na kwamba siku wazee walipokuja nilijua yeye ana haki na mimi sina, nikawaacha waseme.

Alinyamaza kwa muda. Nilidhani atalia, au atanisamehe, maana ndivyo nilivyokuwa nimejitayarisha. Akaniuliza, "Gari uliliuza kwa bei gani?"

Hakuna mtu aliyepata kuniuliza hilo. Nikamwambia bei.

"Na mwenzako alichukua ngapi?"

Nikamwambia.

Akafikiri kidogo, akihesabu kwa midomo. Kisha akaniambia nimsogezee taa, kwa kuwa hayaoni vizuri mawe katika maharagwe.